Manuel García, mtu aliyeziona nyuzi za sauti

Mwaka jana, katika wiki ya pili ya mazoezi ya ualimu, sauti yangu ilikauka. Nilikuwa na wanafunzi 60 chini ya bati lisilo na dari, mvua inanyesha, nami napaza sauti. Nikisema goti, walisikia koti. Daktari alinitazama kooni kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, akanieleza kwamba nyuzi zangu za sauti zimevimba, na dawa ya kwanza ni kunyamaza. Katika ukimya huo nilisoma maisha ya mtu aliyetuachia njia ya kioo kile.

Manuel García alizaliwa Hispania mwaka 1805 katika jamaa ya waimbaji. Mwaka 1825 alivuka bahari hadi New York, akaimba katika kundi la opera la baba yake. Lakini sauti yake ilichoka mapema, akaacha jukwaa angali kijana.

Mwingine angekata tamaa. Yeye aligeuka mwanafunzi wa kile kilichomvunja. Alichunguza umbo la koo, akafundisha kuimba mjini Paris, na mwaka 1840 akawasilisha kwa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa maandishi juu ya sauti ya binadamu. Mwaka 1841 alimpokea Jenny Lind, mwimbaji kijana kutoka Uswidi, ambaye sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kazi. García alikataa kumfundisha kabla hajaipumzisha kwa wiki sita. Binti huyo alitii, na baadaye akasifika Ulaya na Marekani.

Hata hivyo García alikuwa akisikia tu, haoni. Mwaka 1854 alichukua kioo cha daktari wa meno, akakipasha katika maji ya moto kisishike mvuke, akakiweka nyuma kabisa ya kinywa, kisha kwa kioo cha pili akaelekeza humo mwanga wa jua. Akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifunguka na kufungana. Mwaka 1855 taarifa yake ilifika Royal Society ya London. Kisha madaktari Türck na Czermak wakakiingiza kioo katika matibabu.

Tangu hapo magonjwa ya sauti yakawa na sura. Tunapotamka irabu au konsonanti ghuna, nyuzi hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Kwa wanawake, karibu mara 200. Anayepiga kelele huzigonganisha kwa nguvu. Kwanza huvimba. Akiendelea, huota vinundu viwili vinavyotazamana, kama sugu katika kiganja cha mwenye jembe. Nyuzi hazifungi tena sawasawa, hewa inavuja, sauti inakwaruza.

García alifundisha London mpaka umri wa miaka 90, akafariki mwaka 1906 akiwa na miaka 101. Sauti yake ya jukwaani haikurudi, lakini aliokoa za wengine.

Yangu ilirudi. Sasa darasani nagonga ubao, nasubiri kimya, ndipo naanza. Ndugu wanafunzi wenzangu, sisi tutakula kwa sauti zetu. Atakayekaukiwa kwa zaidi ya wiki tatu asiendelee kulazimisha: aende akatazamwe.