Al-Hasan bin al-Haytham na Pembe ya Nne

Katika safari yetu ya Kakamega tulilala nyumbani kwa ndugu yetu mmoja, na baada ya sala ya Isha kijana wa nyumba ile akakaa kudurusu masomo yake ya skuli. Alikuwa amechora pembenne, akatueleza kuwa pembe tatu zikiwa mraba, ya nne nayo haina budi kuwa mraba. Kwani tatu ni digrii 270, na jumla ya pembe zote nne ni 360, basi hubaki 90. Tukamwuliza hiyo 360 imetoka wapi. Akajibu kuwa ndivyo walivyofundishwa, na kwamba ilimu hii ni ya Wazungu, wao ndio wajuao asili yake. Nasi tuliosomeshwa nahau, fiqhi na mirathi hatukuwa na jawabu. Tuliona haya.

Tuliporudi tulipekua vitabu, tukamkuta mtu aliyeishughulikia pembe ile ile miaka 1000 iliyopita. Naye ni Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye watu wa Ulaya walimwita Alhazen.

Alizaliwa Basra mnamo mwaka 354 H. (965). Ibn al-Qifti, mwandishi wa tarehe za wataalamu, amesimulia kuwa bin al-Haytham alidai kwamba lau angekuwa Misri angeufanyia mto Naili kazi ya kuwafaa watu wakati wa mafuriko na wakati wa upungufu. Maneno hayo yakamfikia al-Hakim, mtawala wa Kifatimi, akampelekea mali na kumwita, hata akatoka mwenyewe nje ya Cairo kumlaki. Bin al-Haytham akapanda mto pamoja na mafundi mpaka maporomoko ya upande wa Aswan. Njiani akayaona majengo ya watu wa kale, jinsi yalivyopimwa na kusimamishwa kwa ustadi; akafahamu kuwa lau jambo lile lingewezekana, wale wasingeliacha. Akarudi akakiri kuwa ameshindwa.

Na hapa twasimama kidogo. Mafuriko yale mengi yake hutoka milima ya Habasha. Walakini Naili una maji ya kwetu pia. Mto Isiukhu wa Kakamega humwagikia Nzoia, na Nzoia huingia Ziwa Viktoria, na katika ziwa hilo Naili hutoka. Lambo kubwa la Aswan halikujengwa ila baina ya mwaka 1960 na 1970, kwa mashine ambazo yeye hakuwa nazo.

Al-Hakim alimpa kazi katika diwani, lakini alikuwa mtawala mwepesi wa kuua, na bin al-Haytham akachelea nafsi yake. Akajifanya mwenda wazimu. Mali yake ikachukuliwa, akawekewa mwangalizi, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 H. (1021), ndipo akaidhihirisha akili yake. Wako wanazuoni wa leo wanaoitilia shaka hadithi hii ya wazimu, ila vitabu vyake havina shaka. Mashuhuri zaidi ni Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, alichobainisha ndani yake kuwa jicho huona kwa nuru inayoliingia, si kwa mwali unaotoka jichoni.

Ama ile pembe ya nne, aliijadili katika sherehe yake juu ya misingi ya Euclid, ambaye Waarabu humwita Uqlidis. Euclid aliweka sharti moja kuhusu mistari sambamba pasipo kulithibitisha, na juu ya sharti hilo ndipo inaposimama ile 360 ya kijana wetu. Bin al-Haytham alitaka kulithibitisha. Akachukua pembenne yenye pembe tatu mraba, akasema ya nne ama ni kali, ama ni butu, ama ni mraba. Akazivunja mbili za mwanzo, ikabaki mraba. Hoja yake ni kama mtu atembeaye juu ya mstari ulionyoka ameshika fimbo wima: ncha ya fimbo huchora mstari wa pili, naye alisema huo nao umenyoka.

Hapo ndipo palipo na tundu. Omar Khayyam, aliyefariki mwaka 1131, alimlaumu kwa kuutia mwendo katika handasa. Wa baadaye waliona zaidi: kusema mstari ule wa pili umenyoka ni kulikubali sharti lenyewe kwa mlango wa nyuma. Tazama juu ya tufe la ardhi. Ikweta hupita Maseno, kusini ya Kakamega, nao ni mstari ulionyoka kadiri tufe liruhusuvyo. Lakini atokaye Kakamega kwenda mashariki akichunga umbali ule ule na Ikweta, hafuati njia iliyonyoka. Na katika pembenne za juu ya tufe, zikiwa tatu mraba, ya nne huwa butu.

Lambert wa Ulaya aliirudia pembenne ile ile katika karne ya 18, na katika karne ya 19 Lobachevsky na Bolyai wakasimamisha handasa nyingine ambayo pembe ya nne ni kali. Basi alishindwa mara ya pili, lakini swali lake liliishi miaka 800. Tumempelekea kijana yule habari hizi, pamoja na lile kosa, hatukulificha.

Baada ya kifungo aliishi karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake kitabu cha Euclid, na vile visomwavyo baada yake, na Almagest ya Ptolemy. Akaviuza kwa dinari 150, bei isiyopunguzwa, ndiyo chakula chake cha mwaka mzima. Alifariki Cairo mwaka 430 H. (1039) au baada yake kidogo. Nakala ya kitabu cha Apollonius aliyoiandika mwaka 415 H. (1024) ingalipo Istanbul.