Mahalanobis, Mwalimu wa Takwimu

Mhariri ameniomba niandike habari za mtu ambaye maisha yake yanaweza kuwafaa vijana wanaosoma sasa shuleni kwetu. Kwa kuwa kazi yangu serikalini ni kusoma taarifa zenye tarakimu, nimemchagua Profesa Prasanta Chandra Mahalanobis wa India.

Alizaliwa Calcutta tarehe 29 Juni, 1893. Alisoma fizikia katika Presidency College, kisha Cambridge, Uingereza, akamaliza mwaka 1915. Alipokuwa akingojea meli ya kurudi kwao, mwalimu wake alimwonyesha jarida la takwimu liitwalo Biometrika. Akanunua matoleo yote, akayasoma safarini. Alifika Calcutta kufundisha fizikia, lakini takwimu ilikwisha kumwingia moyoni.

Mwaka 1922 mafuriko makubwa yaliharibu Bengal ya Kaskazini. Wahandisi walitaka yajengwe mabwawa ya gharama kubwa ya kuzuilia maji. Mahalanobis alichambua kumbukumbu za mvua za miaka 50 hivi, akaonyesha kwamba mabwawa hayo yangesaidia kidogo. Kilichohitajika ni njia za kuyaondoa maji upesi.

Tarehe 17 Desemba, 1931, ilianzishwa Taasisi ya Takwimu ya India, ikikaa katika idara yake ya fizikia. Mwaka wa kwanza ilitumia Rupia 238 tu. Mwaka 1933 ikaanza kutoa jarida lake, Sankhya. Mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Calcutta kikafungua idara ya takwimu, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwamo C. R. Rao, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima.

Mafunzo hayo hayakuishia ubaoni. Serikali ilitaka kujua mavuno ya juti, mmea ambao nyuzi zake hufumwa magunia. Maofisa wengi waliamini kwamba hapana budi kuhesabu shamba kwa shamba. Mahalanobis alichagua vipande vichache vya ardhi kwa bahati nasibu, akapeleka watu waliofunzwa vizuri. Tena alituma vikosi viwili katika eneo lile lile, kila kimoja kikiwa na sampuli yake, bila kutegemeana. Majibu yao yakitofautiana mno, ilijulikana kwamba kuna kasoro ya kutafutwa. Gharama ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya kuhesabu yote. Na hesabu za biashara na forodha zilipotoka, makisio yake yakaonekana karibu zaidi na ukweli.

Njaa ya Bengal ya mwaka 1943 iliua watu wengi mno. Baadaye watu wake walikwenda vijijini kutafuta ni familia ngapi zilizouza mashamba na ng'ombe ili zipate kula. Hapo tarakimu ilikuwa habari ya uhai wa watu.

Mwaka 1950 India ilianza uchunguzi wa sampuli wa taifa zima kwa njia zake. Mwaka huo huo kilifunguliwa Calcutta kituo cha kufundisha watakwimu kutoka nchi nyingine, zikiwamo za Afrika. Alisaidia pia kutunga Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1956. Wako wachumi walioulaumu kwa kutilia mkazo viwanda vizito kupita kiasi. Alifariki tarehe 28 Juni, 1972, siku moja kabla ya kutimiza miaka 79. Tangu mwaka 2007, India huadhimisha tarehe 29 Juni kuwa Siku ya Takwimu.

Vijana wetu, wengi wenu mtakuja kushika kalamu katika ofisi za umma. Mtaletewa jedwali lililopangwa vizuri, lenye jumla iliyopigiwa mstari. Msiridhike na unadhifu wake. Ulizeni nani alikwenda kuhesabu, alichagua vipi mahali pa kwenda, na nani mwingine alikwenda kuhakikisha. Zahanati ikijengwa pasipo na watu, au chakula cha njaa kikichelewa, mara nyingi kosa lilianzia katika tarakimu ambayo hakuna aliyeiuliza swali.