Sidi Mubarak Bombay na Upepo wa Baridi wa Ziwa Tanganyika

Mtu asimamapo jioni katika ufuko wa Rumonge na kuelekeza uso magharibi, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, na mbele yake rasi ndefu ya Ubwari. Ziwa likitulia hufanana na uwanja uliofagiliwa, na mgeni hudhani kwamba chombo chochote chaweza kuvuka bila taabu. Wavuvi wa hapa, ambao hutoka usiku na taa zao kutafuta ndagala na mukeke, hawadanganywi na utulivu huo. Wao wanajua kwamba ukivuma ghafla upepo wa baridi wakati wa joto, dhoruba iko njiani, na muda wa kujiokoa ni mfupi.

Katika ukurasa wetu wa leo tumeona vema tuwaeleze ndugu zetu askari na polisi, hasa wale wanaolinda ziwa na wale wanaoendesha magari kila siku katika barabara ya Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, maisha ya askari mmoja wa zamani aliyelijua onyo hilo kwa kuponea chupuchupu. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay. Vitabu vingi vimewasifu Wazungu aliowaongoza. Yeye mwenyewe hutajwa kwa ufupi, ingawa pasipo yeye baadhi ya safari zao zisingefika mwisho.

Bombay alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mahali ambapo leo Tanzania na Msumbiji hupakana. Alipokuwa bado mtoto, wateka watumwa walikivamia kijiji chao. Alichukuliwa hadi pwani, akauzwa, kisha akavushwa bahari hadi India, ambako aliutumikia utumwa kwa miaka mingi. Jina lake la Bombay ni kumbukumbu ya mji mkubwa wa nchi hiyo, na neno Sidi ndilo walilokuwa wakiitwa Waafrika huko. Bwana wake alipofariki, Bombay alipata uhuru. Hakuwa tena na ukoo wa kurudia, kwa hiyo alipofika Unguja alijiandikisha katika jeshi la Sultani, akapelekwa katika ngome ya Chogwe, karibu na Pangani.

Hapo ndipo maofisa wawili Waingereza, Richard Burton na John Hanning Speke, walipomkuta mapema mwaka 1857. Walikuwa wakijiandaa kwenda bara kulitafuta ziwa lililosemwa sana na wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili. Bombay alijua Kihindi, lugha ambayo Speke aliielewa, na Kiswahili, lugha ya msafara. Kwa sababu hiyo askari huyu mfupi wa mwili akawa mkalimani, na baada ya muda akawa mtu wa kutegemewa.

Msafara ulifika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858. Maofisa wote wawili walikuwa wagonjwa: Burton hakuweza kutembea, na macho ya Speke yalikuwa yameingia ukungu. Mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda upande wa magharibi, na Bombay alikuwa pamoja naye. Katika kisiwa kimoja dhoruba ya usiku iliwaangushia hema. Ilipopita na taa kuwashwa, wadudu walijaa hemani na mmoja akamwingia Speke sikioni. Alijaribu kumtoa kwa kisu, akajijeruhi, na tangu hapo sikio hilo likawa bovu. Hilo lilikuwa onyo la kwanza la ziwa kwa wageni wake.

Mwezi wa Aprili wote walipanda mitumbwi miwili kuelekea kaskazini. Walipita pwani ya Burundi, wakilala katika vijiji vya ufukoni, kisha wakavuka hadi Ubwari, na tarehe 26 Aprili wakafika Uvira. Walitaka kujua kama mto Rusizi hutoka ziwani au huingia. Wenyeji waliwaambia kwamba huingia. Wakageuza mitumbwi kurudi, na njiani wakapatwa na jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Jioni ya tarehe 10 Mei walikuwa katika pwani ya Ubwari, wakikusudia kuvuka hadi pwani hii ya kwetu. Hewa ilikuwa imetulia mno, utulivu usio wa kawaida. Jua lilipozama walijisogeza kando ya ufuko kwa saa mbili hivi, kisha makasia yakaelekezwa mashariki, moja kwa moja kwenye maji makuu. Kabla hawajafika katikati, upepo wa baridi uliwapiga gizani. Burton, aliyeandika habari za safari hiyo, alikwisha kujifunza kwamba katika nchi hizi upepo wa namna hiyo hutangulia dhoruba daima. Lakini kujifunza kulikuwa kumechelewa, maana ufuko waliouacha ulikuwa umekwisha kuwa mbali, na ule walioutaka haukuonekana.

Umeme ulianza kukata mawingu, radi ikanguruma na mawimbi yakainuka. Mitumbwi ile ilikuwa magogo yaliyochongwa, wazi juu, bila chochote cha kuwakinga watu na maji. Wapiga makasia, waliozoea ziwa hili tangu utoto, walishikwa na hofu wakawaita wake zao kwa kilio. Bombay hakuwa na sifa ya kuwa mtu wa sala siku za hali njema. Usiku ule wote alikesha akikumbuka sala zake. Kilichowaokoa haukuwa ustadi wao, kwa maana mvua kubwa iliponyesha ililaza upepo na mawimbi. Asubuhi ya tarehe 11 Mei walifika Wafanya, katika pwani ya Burundi, wamelowa na wamechoka, lakini wakiwa hai.

Hebu sasa tuutazame upepo ule. Wingu kubwa la mvua linapokomaa, mvua iangukayo ndani yake huipoza hewa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, kwa hiyo hushuka kwa nguvu, na ikigonga maji au ardhi hutawanyika na kutangulia mbele ya mvua yenyewe. Ndiyo maana mtu aliye mbali kidogo na dhoruba huhisi baridi kabla ya tone la kwanza. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini usiku mawingu hayaonekani, na hapo ngozi ya mtu ndiyo inayopokea habari.

Jambo hili lina ndugu yake katika nchi za theluji. Magari mengi ya siku hizi huko Ulaya humwonyesha dereva alama maalumu, mara nyingi pamoja na mlio, joto la nje linaposhuka hadi karibu nyuzi 3 au 4 za Selsiasi. Maji huganda katika nyuzi 0, lakini gari halingoji nyuzi 0. Huonya mapema, kwa sababu daraja au sehemu yenye kivuli huweza kuwa na barafu isiyoonekana wakati mahali pengine bado pakavu. Dereva mwenye busara hupunguza mwendo palepale, wala hangoji gurudumu liteleze ndipo aamini. Onyo lina faida likitangulia hatari, na likimkuta mtu ambaye bado ana nafasi ya kutenda. Usiku ule wa Mei onyo lilitangulia, lakini nafasi ya kutenda ilikuwa imeachwa nyuma, Ubwari.

Bombay aliendelea na kazi. Mwaka huohuo alikwenda na Speke hadi ncha ya kusini ya ziwa la Nyanza, na kati ya 1860 na 1863 alisafiri na Speke na Grant kupitia Uganda hadi Misri. Alipata heshima, na alipata pia mateso: safari moja Speke alimpiga ngumi hadi kumng'oa meno ya mbele. Mwaka 1871 Stanley alimfanya mkuu wa walinzi wa msafara wake wa kumtafuta Livingstone. Baada ya hao wawili kukutana Ujiji, Bombay alirudi tena katika pwani ya Burundi, miaka 13 baada ya usiku ule wa dhoruba.

Safari hii maji hayakumtisha, na tunalazimika kusema kwamba hapo ndipo alipokosea. Katika kambi moja ya pwani ya Burundi, ambayo Stanley aliiita Mukungu, mke wa mtawala wa mahali hapo aliwaletea wageni pombe. Bombay na Susi, mtumishi wa Livingstone, waliinywa ikawalemea, wakalala usingizi mzito. Usiku wezi waliingia katika mtumbwi, wakachukua kamba ya kupimia kina cha ziwa, mamia ya risasi, unga, na sukari ya Livingstone. Askari hahitaji kuelezwa maana ya risasi zilizopotea mikononi mwa mlinzi aliyelala. Safari iliendelea hata hivyo, na mwishoni mwa Novemba waliuona kwa macho yao mto Rusizi ukiingia ziwani. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lina tarehe ya 25 Novemba 1871 kwa ukumbusho wa Stanley na Livingstone. Jina la Bombay halimo.

Kati ya 1873 na 1875 aliongoza watu wa Cameron kutoka Bagamoyo hadi Benguela, katika pwani ya Angola, yaani kutoka bahari hadi bahari. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunukia nishani ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885. Mtoto aliyeuzwa alikuwa amelivuka bara zima la Afrika.

Ndugu askari na polisi, tumeyaeleza haya kwa sababu njia za Bombay ndizo njia zenu. Anayetoka Rumonge kwa boti ya doria aulize habari za hali ya hewa kabla ya kufungua kamba, azisikilize taarifa za Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, awaulize na wavuvi waliorudi, na kila mtu avae jaketi lake la kujiokolea akiwa bado ufukoni. Upepo wa baridi ukivuma na nchi kavu ingali karibu, kurudi si woga.

Naye dereva aliye barabarani kati ya michikichi na ziwa alipokee onyo hilohilo. Dakika za kwanza za mvua huchanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika, na lami huteleza kuliko baadaye. Apunguze mwendo, awashe taa, aongeze nafasi kati yake na gari lililo mbele, na autazame mteremko wa mlima, maana udongo huweza kuporomoka. Anayepanda kwenda Bururi akumbuke kwamba hewa hupoa kadiri anavyopanda, na baada ya kona moja ukungu huweza kuifunika njia. Gari lililojaa askari lina familia nyingi zinazolingoja nyumbani.

Na kamanda ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi. Jioni ile ya Ubwari, waliotoa amri ya kuvuka na waliopiga makasia walikuwa katika mitumbwi ileile, lakini amri ilitoka kwa wachache. Tahadhari ni kabla ya athari. Neno la kungoja hadi asubuhi lilitakiwa lisemwe wakati miguu ya watu ilipokuwa bado mchangani.