Padre Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Katika vijiji vya Machame, kama katika sehemu nyingine za mlima Kilimanjaro, kijana akitaka kuoa, wazee wa pande mbili huulizana kwanza habari za ukoo. Huuliza kama katika nyumba ile pana kifafa, au wendawazimu, au watoto wanaokufa wangali wadogo. Desturi hii si ya kudharauliwa. Wazee walitambua tangu zamani kwamba mtoto huja duniani na mengi aliyoyapokea kwa waliomtangulia. Lakini desturi hiyo ina upande wake wa giza. Msiba ukitokea, lawama humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Husemwa kwamba ndiye aliyeleta damu mbaya nyumbani, na zipo ndoa zilizopoteza amani yake kwa neno hilo.

Kwa hiyo tumeona vyema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Padre mmoja, aliyekuwa wa kwanza kufahamu kwa hakika jinsi urithi wa uzazi unavyopita kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto.

Johann Mendel alizaliwa mwezi wa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, nchi ya Silesia, iliyokuwa chini ya Kaisari wa Austria. Leo kijiji hicho kimo katika nchi ya Ucheki na huitwa Hynčice. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima wa shamba dogo, tena alilazimika kumfanyia bwana wa nchi kazi ya shokoa. Paroko wa kule alikuwa stadi wa kuunganisha miti ya matunda, akawafundisha wakulima wake. Hivyo mtoto Johann alikua akiona kwamba mti huweza kufanywa bora kwa akili ya mtu.

Mwaka 1838 gogo lilimwangukia Anton kazini likamponda kifua, wala hakupata tena nguvu zake za kwanza. Johann alikuwa na umri wa miaka 16, yuko shuleni mbali na kwao, akila chakula kisichotosha na kujitafutia riziki kwa kuwafundisha watoto wa wengine. Akaugua, akalala kitandani miezi mingi. Masomo yangekoma hapo, kama si dada yake mdogo, Theresia, aliyetoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka yake aendelee. Mendel hakuusahau wema huo. Baadaye aliwasaidia wana watatu wa Theresia katika masomo yao, na wawili kati yao wakawa madaktari.

Mwaka 1843 akaingia katika monasteri ya Mtakatifu Tomaso, ya Watawa Waagustino, katika mji wa Brünn, ambao leo huitwa Brno. Akapewa jina la kitawa Gregor. Akapata daraja takatifu la Upadre tarehe 6 Agosti 1847. Walimtuma kuwahudumia wagonjwa, lakini moyo wake ulikuwa mwororo mno. Maumivu yao yalimfanya yeye mwenyewe augue. Mkuu wake, Abati Cyril Napp, hakumkemea wala kumdharau, bali alimtuma kufundisha shule. Kazi hiyo ilimfaa, na wanafunzi walimpenda. Hata hivyo, alipofanya mtihani wa serikali wa ualimu mwaka 1850, akashindwa. Abati akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna tangu 1851 hata 1853, ajifunze fizikia, hesabu na elimu ya mimea. Mwaka 1856 akajaribu mtihani mara ya pili, akaugua, akauacha. Basi mtu ambaye leo jina lake limo katika vitabu vya shule za dunia nzima alifundisha miaka mingi pasipo cheti kamili cha ualimu.

Mwaka ule ule wa 1856 alianza kazi yake kubwa katika bustani ya monasteri. Alichagua njegere, kwa sababu ua la njegere hujichavusha lenyewe, na mtu akitaka kuchanganya mbegu mbili huweza kufanya hivyo kwa mkono wake. Kwanza alizijaribu mbegu zake kwa miaka miwili, ahakikishe kwamba kila aina huzaa ya namna yake. Ndipo akazichanganya, akitazama tabia saba tu: kama punje ni ya mviringo au imekunjamana, kama ni ya manjano au ya kijani, kama mmea ni mrefu au mfupi, na nyingine za jinsi hiyo.

Watu wengi wa wakati ule walidhani kwamba urithi wa baba na wa mama huchanganyika kama maziwa na maji, visiweze kutengana tena. Mendel aliona vingine. Alipochanganya punje za mviringo na zilizokunjamana, watoto wote walikuwa wa mviringo. Mkunjo ulionekana kama umepotea. Lakini alipoiacha mimea hiyo ijichavushe, katika wajukuu mkunjo ukarudi. Alihesabu punje 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani karibu tatu kwa moja. Katika rangi alipata punje 6,022 za manjano na 2,001 za kijani; tena tatu kwa moja. Tabia zote saba zilifuata kanuni ile ile.

Akafahamu kwamba kila mmea una sehemu mbili za urithi kwa kila tabia, moja ya baba na moja ya mama. Sehemu hizo, ambazo sisi leo tunaziita jeni, hazichanganyiki. Ya mmoja huweza kuifunika ya mwenzake, lakini haiiui. Mmea unapozaa, hutoa moja tu kati ya hizo mbili, kama kwa kura. Kwa hiyo katika watoto wanne wa wazazi waliochanganyika, kwa kadiri, mmoja atapata sehemu mbili za mviringo, wawili watapata moja moja, na mmoja atapata mbili za mkunjo. Huyo wa mwisho ndiye peke yake atakayeonekana amekunjamana.

Kazi hiyo ilimchukua miaka minane, na mimea karibu 28,000. Mwezi wa Februari na Machi 1865 aliwasomea matokeo yake wataalamu wa mji wake, na mwaka 1866 yakapigwa chapa. Hakuna aliyetambua uzito wake. Mwaka 1868 watawa wenzake walimchagua kuwa Abati, na shughuli za uongozi zikamwondoa bustanini. Tangu 1874 alishindana na serikali juu ya kodi nzito iliyotozwa monasteri, na shindano hilo lilimchosha mpaka mwisho. Lakini hakuacha kutoa sadaka. Alitoa hata fedha za kuanzisha kikosi cha zimamoto katika kijiji chake cha kuzaliwa. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, na wengi waliomlilia hawakujua habari za njegere zake. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto. Ikapita miaka 16, hata mwaka 1900 wataalamu watatu wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwa njia yake, wakaifikia kanuni ile ile, wakakuta mtawa wa Brünn amewatangulia.

Wasomaji wa Machame wanaweza kuyaona matunda ya kazi hiyo pasipo kusafiri mbali. Pale Lyamungu, ambapo kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa mwaka 1934, mbuni umechunguzwa kwa miaka mingi. Ua la mbuni wetu wa arabika, kama lile la njegere, hujichavusha lenyewe. Ugonjwa wa chulebuni ulipoingia nchini mwaka 1964, vihamba vingi viliharibika, na pamoja navyo karo za watoto. Wataalamu wakachanganya mibuni ya hapa na mingine ya mbali yenye kinga, na katika miaka ya 2000 wakulima wakaanza kupewa chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Miche hiyo huzalishwa kwa vikonyo. Sababu yake ni ile aliyoiona Mendel: mbegu zilizoanguka chini ya chotara zitatoa wajukuu mchanganyiko, wengine wenye kinga, wengine bila kinga.

Kanuni hiyo hutenda kazi katika nyumba zetu pia. Ugonjwa wa selimundu, unaowatesa maelfu ya watoto wa Tanzania, hupita kwa njia hiyo. Mtoto huugua akipokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi hao kila mmoja huwa na jeni moja ya kasoro na moja nzima, nao huweza kuishi pasipo kuumwa kabisa. Kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Na kura hupigwa upya kila mara, hata aliyezaa mgonjwa jana asidhani kwamba watatu wanaofuata wamekwisha kuokoka. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu hukingwa na malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea zaidi katika nchi za joto na mbu kuliko juu mlimani. Lakini siku hizi vijana wa Machame huoa Mwanza, Tanga na Dar es Salaam, wala mlima haumkingi mtu.

Basi, nani wa kulaumiwa? Hakuna. Mama hakuleta peke yake, wala baba. Hata katika kuzaa watoto wa kike tu, jambo ambalo wanawake wengi wamelipia kwa machozi, elimu imethibitisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Mume anayemtesa mkewe kwa mambo haya amemdhulumu asiye na hatia.

Elimu hii pia ilitumiwa vibaya. Mwaka 1930 Papa Pius XI aliwaonya watawala waliotaka kuwanyima watu uzazi kwa sababu ya urithi wao. Hata hivyo mwaka 1933 Ujerumani ilitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu walioitwa dhaifu. Leo wataalamu wanaweza kurekebisha jeni yenyewe. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya selimundu ambayo chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, hurekebishwa, kisha hurudishwa mwilini. Tiba ya namna hiyo, inayomponya mgonjwa mwenyewe, Kanisa halikuikataa katika waraka wake wa mwaka 2008, mradi hatari zake zipimwe. Bali limekataa kuwachezea watoto wachanga kabisa wa tumboni au wa maabara, na kubadili urithi wa vizazi vijavyo. Na bei yake huko Marekani, zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja, ni swali jingine la haki kwa maskini wa Afrika.

Tunawasihi wachumba wapimwe damu kabla ya ndoa, wakae pamoja na daktari na paroko wao, waamue kwa ukweli. Tunawasihi wazazi wenye mtoto mgonjwa wamfikishe hospitali mapema, wala wasimfiche. Mbuni usiofaa mkulima huung'oa, na hafanyi dhambi. Mtoto si mbuni. Mendel mwenyewe, mwana wa kilema, mgonjwa wa mara kwa mara, aliyeshindwa mitihani, angalikwisha kutupwa kama angalipimwa kama mbegu. Dada yake hakumtupa, Abati wake hakumtupa. Na Mungu akampa kuona jambo ambalo wenye vyeti hawakuliona.