Hassan bin Omari Makunganya

Hassan bin Omari, anayejulikana zaidi kwa jina la Makunganya (alifariki Kilwa Kivinje, Novemba 1895), alikuwa mfanyabiashara na kiongozi wa bara ya Kilwa, katika Mkoa wa Lindi wa leo. Alipigana na Wajerumani mwaka 1894 na 1895, akakamatwa, akahukumiwa nao na kunyongwa. Barua walizozikuta kwake ziliwatia hatarini watu wengi wa mjini ambao hawakuonekana vitani.

Mazingira yake

Mara nyingi hutajwa kuwa Myao. Makao yake yalikuwa Mavuji. Nchi iliyo nyuma ya mji wa Kilwa Kivinje, ambako leo kuna kata kama Kikole, Mitole na Njinjo, iliishi kwa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ikileta pembe za ndovu na watumwa. Sultani Barghash wa Zanzibar alifunga masoko ya watumwa mwaka 1873, lakini biashara hiyo iliendelea kwa siri kwa miaka mingi. Makunganya alikuwa mmoja wa walioifanya. Jambo hilo halifai kufichwa kwa sababu tu baadaye alihesabiwa kati ya mashujaa, wala halifuti yaliyomkuta mbele ya waliomhukumu.

Wajerumani walipata upinzani Kilwa mapema. Septemba 1888 maafisa wawili wa kampuni yao, Krieger na Hessel, waliuawa mjini humo. Wissmann aliuteka mji Mei 1890, na tangu hapo kulikuwa na boma, askari na ushuru. Mamlaka ya Wajerumani yalikuwa na nguvu pwani kuliko bara, na huko bara Makunganya aliendelea kusikilizwa.

Vita

Septemba 1894 watu wake walilishambulia boma la Kilwa Kivinje. Wakati huo gavana von Schele alikuwa anashughulikia vita dhidi ya Mkwawa na Wahehe, ambako Kalenga ilitekwa mwishoni mwa Oktoba. Shambulio la Kilwa lilirudishwa nyuma, na washambuliaji wakapoteza watu. Makunganya mwenyewe hakupatikana kwa zaidi ya mwaka. Wissmann, ambaye mwaka 1895 alirudi akiwa gavana, alituma kikosi kumtafuta, naye akakamatwa Novemba 1895.

Barua na hukumu

Pamoja naye Wajerumani walipata barua. Zilionyesha kwamba alikuwa akiwasiliana na wakubwa wa Kilwa, watu ambao mchana waliishi na serikali kwa amani. Ni vigumu leo kujua kila barua ilimaanisha nini. Katika mji wa biashara, mtu wa pwani aliweza kumwandikia mtu wa bara kwa ajili ya deni, mzigo wa pembe au ndoa, na pia kwa ajili ya vita. Kutenganisha hayo kulihitaji hakimu mtulivu asiyekuwa na upande.

Hakimu wa namna hiyo hakuwepo. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mahakama zenye majaji zilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na maofisa wa utawala au wa jeshi. Kwa hiyo aliyepigana na Makunganya, aliyezisoma barua zake, aliyemshtaki na aliyemhukumu walikuwa upande mmoja, na hapakuwa na ngazi ya juu ya kukata rufaa. Alinyongwa mwezi uleule pamoja na wenzake kadhaa. Abushiri bin Salim alikuwa amenyongwa Pangani kwa namna hiyohiyo Desemba 1889.

Tarehe 22 Aprili 1896, miezi mitano baada ya kifo chake, Kansela wa Ujerumani alitoa amri iliyotaka hukumu ya kifo kwa Mwafrika ithibitishwe kwanza na gavana. Lakini amri hiyo iliacha mlango wazi: wakati wa uasi au vita, ofisa aliweza kuua bila kusubiri. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Majimaji kuanza katika Umatumbi, mkoani humohumo. Wananchi wa Tanzania walianza kuweza kuishtaki serikali kwa kuvunja haki zao za kikatiba mwaka 1988 tu.

Kumbukumbu

Mwenyi Shomari bin Mwenyi Kambi alitunga utenzi kuhusu kifo cha Hassan bin Omari. Ulikusanywa na Carl Velten, mtaalamu wa Kiswahili aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani, kwa hiyo msomaji akumbuke ulikuwa unasomwa na nani.

Mwembe alionyongewa uliitwa Mwembe Kinyonga, na mahali hapo Kilwa Kivinje pana mnara wa kumbukumbu. Katikati ya Dar es Salaam kuna Mtaa wa Makunganya, na wengi wanaopita hapo kila siku hawajui ni jina la mtu.