Johann Pachelbel: Msee aliyekosa karo ya chuo, ngoma yake ikaja kuteka harusi za dunia nzima

Kama ushawahi hudhuria harusi ya kanisani, bibi harusi akiingia mdogo mdogo huku fidla zikilia, huenda ulisikia kazi ya Johann Pachelbel na hukujua. Inaitwa Canon in D. Cha kushangaza, msee mwenyewe hakuwahi kuiona ikivuma.

Alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka wa 1653. Alikuwa kichwa, akaingia chuo kikuu cha Altdorf, lakini hata mwaka hakumaliza. Doo ziliisha. Hakukaa kulia. Alipata ufadhili kwa shule nyingine huko Regensburg, kisha akaenda Vienna kupiga kinanda kanisani.

Mwaka wa 1678 aliajiriwa Erfurt, akakaa miaka 12. Huko alimfunza Johann Christoph Bach, ambaye baadaye alimlea na kumfunza kinanda mdogo wake, Johann Sebastian. Yaani hata yule Bach bazuu ana deni kwa Pachelbel.

Mwaka wa 1681 alimuoa Barbara Gabler. Miaka miwili tu baadaye tauni ikaingia Erfurt, ikabeba mke na mtoto wao wa pekee. Mwaka huohuo alichapisha muziki wa kutafakari kifo.

Mwaka wa 1684 alioa tena, safari hii Judith Drommer, wakajaliwa watoto 7. Amalia alikuwa mchoraji, naye Charles Theodore akavuka bahari hadi Marekani na muziki wake.

Maisha hayakuwacha kumzungusha. Alipata kazi ikulu ya Stuttgart, lakini 1692 jeshi la Ufaransa likavamia, ikabidi ahepe na familia. Mwaka wa 1695 mji wao Nuremberg ulimuita kanisa la St. Sebaldus, tena bila ule mtihani wa kawaida wa kushindania kazi. Alifariki huko Machi 1706, akiwa na miaka 52.

Canon ikasahaulika kabisa hadi ilipochapishwa 1919. Kisha 1968 Mfaransa Jean-François Paillard akairekodi polepole, na hapo ndipo ikashika. Siri yake ni simpo: noti 8 za besi zinazorudiwa mara 28, fidla 3 zikifuatana juu yake.

Kwa hivyo wewe uliyetoka campo juu ya karo, usijione umeisha. Pachelbel pia alipitia hapo.

Ukioa, utaingia na ngoma gani?