Isaac Merritt Singer

Isaac Merritt Singer (Pittstown, jimbo la New York, Marekani, 27 Oktoba 1811 – Paignton, Devon, Uingereza, 23 Julai 1875) alikuwa fundi mitambo, mwigizaji na mfanyabiashara aliyeboresha cherehani hadi ikawa chombo cha kawaida majumbani na kwa mafundi nguo. Watu wengi hudhani kwamba ndiye aliyebuni cherehani ya kwanza duniani, kwa sababu jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu ubavuni mwa mashine. Ukweli ni kwamba alipewa mashine mbovu ya watu wengine aitengeneze, naye akaitengeneza vizuri kuliko walioibuni.

Mashine zenye jina lake zimeenea karibu dunia nzima. Nchini Tanzania zimefika hata mbali na miji mikubwa, kama vile Mbinga katika milima ya Wamatengo na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ambako cherehani ya zamani hurithiwa kama shamba.

Utoto na ujana

Singer alikuwa mtoto wa mwisho kati ya wanane. Baba yake, Adam, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, na jina la ukoo lilikuwa Reisinger kabla ya kufupishwa. Wazazi wake waliachana alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, na akiwa na miaka 12 aliondoka nyumbani kwenda kuishi na kaka yake. Shule alisoma kidogo tu.

Alijifunza kazi ya ufundi wa mashine akiwa kijana, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maigizo. Alikuwa mrefu, mwenye sauti kubwa, akapenda kusimama mbele ya watu. Mwaka 1830 alimwoa Catherine Maria Haley, aliyekuwa na miaka 15. Wakapata watoto wawili, lakini Singer hakukaa nyumbani. Alizunguka na vikundi vya maigizo, na huko Baltimore mwaka 1836 alikutana na Mary Ann Sponsler, ambaye baadaye aliishi naye kama mke bila kumwacha rasmi Catherine.

Mwaka 1839 alipata hataza yake ya kwanza, ya mashine ya kutoboa miamba, akaiuza kwa dola 2,000. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa wakati ule. Fundi mwingine angefungua karakana. Singer alianzisha kikundi chake cha maigizo, akazunguka nacho miaka kama mitano hadi fedha zikaisha. Akarudi kwenye ufundi. Tarehe 10 Aprili 1849 alipata hataza nyingine, ya mashine ya kuchonga mbao na chuma, aliyokusudia itumike kuchonga herufi za matbaa. Mfano wa mashine hiyo uliharibiwa na mlipuko wa bwela katika karakana mjini New York. Mtu aitwaye George Zieber alimsaidia fedha za kuanza upya.

Siku kumi na moja za Boston

Mwaka 1850 Singer na Zieber walihamia Boston, wakapanga chumba katika karakana ya Orson Phelps. Mashine ya kuchonga herufi haikupata wanunuzi. Phelps, kwa upande wake, alikuwa akitengeneza cherehani za aina ya Lerow na Blodgett, na kila alizouza zilirudi zikiwa mbovu. Akamwomba Singer azitazame.

Singer aliona kasoro haraka. Katika mashine ile, chombo kidogo kinachobeba uzi wa chini kilizunguka kwa duara, na kila mzunguko uliusokota uzi hadi ukakatika. Sindano ilikuwa imepinda na ilikwenda kwa ulalo. Singer alipendekeza chombo hicho kiende mbele na kurudi nyuma kwa mstari ulionyoka, na sindano iliyonyoka ipande na kushuka wima. Kitambaa kikalazwa juu ya meza, kikibanwa na mguu wenye springi. Baadaye likaongezwa kanyagio, ili mikono yote miwili ya mshonaji ibaki huru kuongoza kitambaa.

Inasimuliwa kwamba mashine ya kwanza ilikamilika kwa siku 11, kwa mtaji wa dola 40 uliotolewa na Zieber. Usiku wa mwisho ilikataa kushona. Nyuzi zililegea na kufanya vitanzi juu ya kitambaa. Wawili hao walikuwa wamekwisha kata tamaa na kuondoka ndipo walipokumbuka kwamba uzi wa juu haukukazwa. Wakarudi, wakakaza, ikashona. Kila mtu aliyewahi kutumia cherehani anakifahamu kisa hiki hata kama hakukisoma popote, kwa kuwa mpaka leo uzi uliolegea ndio chanzo cha kwanza cha mshono mbaya.

Hataza namba 8294 ilitolewa tarehe 12 Agosti 1851.

Vita ya hataza

Kabla ya Singer walikuwapo wengine. Nchini Ufaransa, Barthélemy Thimonnier alipata hataza mwaka 1830, na mwaka uliofuata mafundi nguo wa Paris, wakihofia kunyang'anywa riziki, walivamia karakana yake na kuvunja mashine. Nchini Marekani, Walter Hunt alitengeneza katika miaka ya 1830 mashine ya kufunganisha nyuzi mbili, lakini hakuiombea hataza. Elias Howe aliipata mwaka 1846, kwa mashine iliyotumia sindano yenye tundu karibu na ncha pamoja na uzi wa pili upande wa chini.

Howe alimshtaki Singer kwa kutumia wazo lake. Singer alijitetea kwa kumtafuta Hunt, akitaka kuthibitisha kwamba Howe naye hakuwa wa kwanza. Utetezi huo haukufaulu: mwaka 1854 Singer alishindwa, akalazimika kumlipa Howe dola 15,000. Mwaka 1856 makampuni makubwa pamoja na Howe yalikubaliana kuunganisha hataza zao na kugawana ada kwa kila mashine iliyouzwa. Howe alitajirika kwa ada hizo, na kwa haki, kwani bila sindano yake mashine ya Singer isingeshona hata pindo moja.

Zieber na Phelps hawakubahatika hivyo. Phelps alinunuliwa hisa yake mapema. Kuhusu Zieber, inasimuliwa kwamba alipokuwa mgonjwa kitandani, Singer alimwambia kuwa daktari hana matumaini naye, na kwa hofu hiyo akauza hisa yake kwa dola 6,000. Zieber alipona, lakini hisa haikurudi. Kutoka mwaka 1851 mshirika mkuu wa Singer alikuwa mwanasheria Edward Clark.

Biashara

Clark alikuwa mtulivu na mwenye hesabu, kinyume kabisa na Singer. Cherehani ya mwanzo iliuzwa karibu dola 100, wakati familia ya kawaida ya Marekani ilipata takriban dola 500 kwa mwaka. Mwaka 1853 kampuni iliuza mashine 810 tu. Mwaka 1856 Clark alianzisha utaratibu wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi huku mnunuzi akiitumia mashine, na mwaka huo ziliuzwa 2,564. Singer naye alitumia kipaji chake cha jukwaani: alifanya maonyesho ya kushona mbele ya umma na kuwaajiri wanawake waendeshe mashine, ili kuondoa dhana kwamba mwanamke hawezi kutumia mtambo.

Faida kwa mshonaji ilionekana wazi. Hesabu za wakati ule zilionyesha kwamba shati la mwanamume lililochukua saa zaidi ya 14 kwa mkono lilimalizika kwa saa moja na robo hivi kwa mashine.

Familia na kuhamia Ulaya

Maisha yake ya nyumbani yaliwaumiza wengi. Alimpa talaka Catherine mwaka 1860, lakini hakumwoa Mary Ann, aliyekuwa amevumilia naye miaka ya umaskini na kumzalia watoto wengi. Mwaka huohuo Mary Ann alimwona barabarani New York akiwa garini na mwanamke mwingine, Mary McGonigal, akapiga kelele mbele ya watu. Singer alimpiga vibaya, akakamatwa na polisi, kisha akakimbilia Ulaya. Ikagundulika kwamba alikuwa na familia nyingine tena mjini humo chini ya jina tofauti. Jumla ya watoto wake kwa wanawake watano inatajwa kuwa zaidi ya 20.

Kashfa hiyo iliharibu uhusiano wake na Clark. Mwaka 1863 ushirika wao ulivunjwa, ikaundwa kampuni ya hisa ambayo Singer alibaki na sehemu kubwa bila kuiongoza. Mwaka huo alimwoa Isabella Eugénie Boyer, wakapata watoto sita. Mmoja wao, Winnaretta, alikuwa mfadhili mashuhuri wa muziki mjini Paris. Vita vya mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia viliwaondoa Paris, wakahamia Uingereza, na Singer akaanza kujenga jumba kubwa Paignton. Alifariki kabla ya kuhamia vizuri, akazikwa Torquay. Mali aliyoacha ilikadiriwa kuwa dola milioni 13 au zaidi.

Mwaka 1924 Mahatma Gandhi, aliyepinga mitambo mingi, aliitaja cherehani ya Singer kuwa mojawapo ya mashine chache zenye manufaa, akieleza kwamba Singer aliibuni kwa kumhurumia mke wake aliyechoka kushona kwa mkono. Simulizi hiyo ni nzuri, lakini haina uhusiano na Singer halisi.

Cherehani zake Afrika Mashariki

Baada ya kifo chake kampuni ilifungua kiwanda kikubwa Clydebank, Uskoti, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1880 hadi 1980. Mashine nyingi nyeusi zinazoonekana katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza zilitoka huko. Kiswahili kiliipa mashine hiyo jina la cherehani, linalohusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu.

Mbinga ni nchi ya kahawa, na fundi wa barazani hupata kazi nyingi fedha za mavuno zinapoingia na sare za shule zinapohitajika. Huko juu adui wa cherehani ni vumbi la kiangazi. Chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, adui ni unyevu unaoleta kutu. Hata hivyo mashine iliyokaa miaka mingi bila kutumika mara nyingi haijafa. Mafuta yake ya zamani yamekauka yakawa kama gundi, na gurudumu limekamata.

Kuifufua nyumbani kunawezekana kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa: vyuma vizito, skrubu zinazofunguka kwa bisibisi, na matundu ya mafuta kila penye msuguano. Matone ya mafuta ya taa hutiwa kwenye matundu hayo na kuachwa usiku kucha au siku kadhaa, kisha gurudumu huzungushwa polepole kwa mkono, bila kulilazimisha. Bamba la chini ya sindano hufunguliwa, na nyuzinyuzi zilizojazana katika meno yanayosukuma kitambaa husafishwa kwa mswaki mkuukuu. Mafuta ya taa yakishafutwa, hutiwa mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai kamwe, kwa kuwa hukauka na kurudisha gundi ileile. Nakshi za dhahabu zisiguswe kwa spiriti wala msasa. Spiriti huyeyusha rangi ya juu ya kinga. Hufutwa kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya cherehani.

Kipuri kinachosumbua zaidi ni sindano. Aina ya 15, ambayo muundo wake ulinakiliwa na viwanda vya Japani na China, hutumia sindano na bobini zinazopatikana madukani hadi leo, zilezile za cherehani nyingi za Butterfly. Aina za karne ya 19 zilikuwa na sindano zao, ambazo ni adimu. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine ya zamani hutazamwa kwanza namba iliyogongwa kwenye kitako chake, ambayo huonyesha aina, na mara nyingi kiwanda na mwaka ilipotengenezwa.